Hanka wa Dawa ya Zambarau

Siku yangu ya kwanza katika duka la fremu za picha la Roseville, huku Marekani, nilivunja kioo hata chai ya saa nne haijafika. Fundi Mkuu, mzee wa Kimarekani aliyekohoa kila baada ya sentensi, alinitazama nikiokota vipande. "Kioo hununuliwa," akasema. "Karatasi ya mteja hainunuliwi. Ukilazimika kuharibu, haribu kioo." Nilikuwa nimetoka kwenye kazi ya kuhudumia wazee, kazi ya karibu kila Mkenya niliyemjua Brooklyn Park, nikaacha kwa kukosa subira. Kumbe nilikuwa naingia kwenye kazi inayotaka subira zaidi.

Vijana hudhani fremu ni mbao nne na misumari. Sivyo. Picha huegemezwa kwenye karatasi nene isiyo na asidi, kwa sababu asidi huigeuza rangi ya chai. Hushikizwa kwa gundi ya wanga, ambayo hulainika kwa maji, ili fundi mwingine aweze kuibandua bila kuichana. Halafu kuna mwanga. Mwanga ndio adui mkubwa, na Fundi Mkuu alinihubiria jambo hilo mpaka nikawa namjibu kabla hajamaliza.

Baadaye nilihamia karakana nyingine ya fremu, mji wa Crystal, chini ya Meneja, mama mwenye sauti ya upole na amri zisizorudiwa. Huko ndiko Daktari alikonikuta, ameletwa na mwanawe. Alikuwa bibi aliyepita miaka tisini. Alikuwa Myahudi wa Poland, na ujanani alitibu wagonjwa katika geto, mtaa uliozungushiwa ukuta ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi. Akimaliza zamu, alichora.

Nilifungua jalada lake nikaona uso wa msichana: mistari ya mkaa, nywele na gauni zambarau iliyokolea. Nikapiga kelele, "Hii ni GV!" Dawa ile ile ya vidonda tuliyopakwa mdomoni utotoni, ukaenda shule watu wakakucheka.

Daktari akacheka pia. "Ndiyo dawa pekee iliyobaki. Wagonjwa wangu haikuwaponya, na wino hatukuwa nao. Huyo ni mdogo wangu, Hanka."

Hanka alichukuliwa kwa treni pamoja na wengine, hakurudi. Hakuna picha yake nyingine iliyobaki duniani.

Mwanawe alitaka tuitengenezee sanduku la giza, maana rangi hiyo hufa upesi ikipigwa na jua. Daktari alitaka itundikwe chumbani kwake, karibu na dirisha alipokaa kutwa, mahali ambapo hata Januari theluji hurudisha mwanga wote ndani.

"Mama, ikifutika hatuna nyingine," mwanawe akasema.

"Nani anajua hilo kuliko mimi?"

Meneja aliniambia nitafute njia ya katikati. Wiki hiyo sikutulia. Nilikata zile karatasi nene vibaya, nikamkaripia kila mtu. Kevo, kijana wa Eldoret tuliyefanya naye kazi, alichoka nami. "Mama Wangui, wacha ku-stress. Weka ile glass ya UV, tumalizane na hii job."

"Itapunguza jua tu, haitalizuia," nikamjibu.

Mwishowe nilitengeneza fremu yenye pazia dogo jeusi juu ya kioo. Ukitaka kutazama, unalifunua, ukimaliza unaliachia. Nilijisifu njia nzima hadi kwa Daktari.

Alilifunua, akamtazama Hanka, akaliachia. Furaha ikamtoka usoni.

"Wanazi walipokuja kufanya msako," akasema, "nilimficha kabatini, nyuma ya makoti. Nikamwambia asikohoe. Alikohoa. Toa hicho kitambaa."

Nikamtazama mwanawe mlangoni. Aligeuza uso ukutani. Nilichukua bisibisi nikang'oa pazia na kijiti kilicholishika, nikijua ninachokifanya. Kisha nikamtundika Hanka pale pale kwenye jua.

Meneja aliposikia alisema, "Umefanya kinyume cha kazi yetu." Sikubisha, kwa sababu ni kweli.

Daktari aliishi miaka michache zaidi. Alipofariki, mwanawe aliileta fremu Crystal. Nywele zilikuwa zimekwisha, gauni limekwisha. Ilibaki mistari ya mkaa: macho, kidevu, shingo. Nikasubiri matusi, na ningeyapokea.

"Hiki kilichobaki kitafifia?" akauliza.

"Mkaa haufifii."

"Basi nisafishie kioo. Nataka kumtundika jikoni kwangu. Mama alikuwa akimsemesha kila asubuhi, hali ya hewa, bei ya mayai, kila kitu. Nilipokuwa nikienda kumsalimia, aliniambia nimwamkie mama mdogo kwanza. Nilikuwa naona aibu. Sasa nyumba imekuwa kimya mno."

Nilikisafisha kioo huku nalia, sikujificha.

Nimestaafu. Kevo ndiye fundi sasa, hunipigia simu akikwama. Zambarau ile inaniuma bado. Siku nyingine nasema niliua kitu kisicho na pacha, siku nyingine nasema vingine. Nimeweka picha nyingi gizani kwa mikono hii, nazo ni salama kabisa, rangi zote zipo. Sijui hata moja kati yake inayoamkiwa na mtu.