Ada ya Chuo Niliyoikimbia

Ipo siku moja hainitoki kichwani, mwanangu, na kila nikimwona kijana kashika fomu ya chuo cha umeme huku anakuna kichwa, naikumbuka upya. Ilikuwa Pangani, hii Pangani yetu ya Kibaha, enzi hizo nyumba ni za kuhesabu na mihogo imefika mpaka barabarani. Ujana ule! Mwembamba, bisibisi kiunoni, najiona fundi kuliko mafundi wote wa Mkoa wa Pwani.

Nianze nyuma kidogo. Kwetu ni Mzenga, Kisarawe. Nilipomaliza shule, baba aliuza korosho za msimu mzima akanipa ada nikasomee cheti cha umeme. Mimi nikapiga hesabu zangu za kitoto. Chuo ni ada, chumba, chakula, vifaa, na miaka miwili siingizi hata senti. Mtaani kuna fundi umeme anachukua vijana bure, na jioni wanaondoka na chochote mfukoni. Nikaona baba haelewi mambo. Nikamrudishia pesa yake, nikamwambia asijisumbue, atayaona mafanikio mwenyewe. Aliipokea, akaihesabu polepole, akachukua jembe akaenda shambani. Bora angenichapa.

Na kweli pesa niliiona, sikufichi. Mwaka haukuisha nikawa na baiskeli, redio na viatu vya kuendea harusini. Wenzangu waliokwenda chuo wakija likizo, chai nanunua mimi, tena kwa maringo. Niliwacheka sana, Mungu anisamehe.

Basi huko Pangani alikuwepo Bi Zuhura, muuguzi mstaafu, aliyejenga vyumba vitatu kwa kiinua mgongo chake. Yule fundi wa mtaani niliyejiunga naye akaniachia nyumba ile peke yangu. Niliifunga nyaya kwa mapenzi yote, swichi zimekaa sawa utafikiri zimepimwa kwa rula. Nilipomaliza nikampelekea bibi fomu ya kuombea umeme, imeshajazwa na kugongwa muhuri. Ndiyo ilikuwa desturi yetu, na nasikia wapo wanaoiendeleza mpaka leo: asiye na cheti wala leseni anafanya kazi yote, kisha mwenye leseni huko mjini anatia sahihi kwamba kaifanya na kuikagua yeye. Anapewa chake, na nyumba yenyewe hajawahi kuiona hata mlango.

Bi Zuhura alivaa miwani akaisoma fomu mstari kwa mstari. Akauliza huyu aliyetia sahihi alikuja lini. Nikasema hakuja. Akauliza ule waya wa kijani ulioishia pembeni ya dirisha unakwenda wapi. Nikajibu kwa kujiamini, kama nilivyofundishwa, kwamba ule hauna kazi, unawekwa tu. Alinitazama mpaka nikaangalia chini.

“Mjukuu wangu,” akasema, “mimi nimefanya kazi wodini miaka yangu yote. Sikuwahi kutia sahihi kwa mgonjwa nisiyemwona. Mtoto akipigwa shoti humu ndani, nije nimlilie nani? Wewe hujui, na huyu hayupo.”

Hakunifukuza. Alinipa chakula cha mchana, akanilipa ujira wangu, kisha akamwita fundi mwenye cheti kutoka Kisarawe aje aikague. Yule bwana ndiye aliyenieleza kwamba waya wa kijani ni wa ethi, unatakiwa ushuke mpaka kwenye ufito wa chuma uliochimbiwa ardhini, umeme ukivuja upite huko badala ya kupita kwa mtu. Nyumba nzima nilikuwa sijaweka ufito. Na nyumba zote nilizofunga kabla ya ile zilikuwa hivyohivyo.

Nikarudi kwa baba. Mwaka ule korosho hazikuwa nzuri, kwa hiyo niliuza baiskeli na redio, kilichopungua akajazia yeye. Hakunisimanga hata kidogo, mzee wangu yule. Nikaingia darasani na watoto walionizidi akili. Nilipomaliza sikutajirika, nisikudanganye. Mwaka wa kwanza nilipata pungufu ya nilichokipata mtaani. Leseni ilipokuja ndipo nikaanza kuitwa kwenye zahanati, shule na maghala, kazi ambazo wenzangu wa mtaani walizitazama kwa mbali. Hapo ndipo ada ilipojirudisha.

Lakini kuna gharama ambayo kwenye hesabu zangu sikuiweka. Kila Jumapili, kwa miezi mingi, nilizirudia zile nyumba, Janga, Pangani, Mzenga, fito na waya nimenunua mwenyewe. Wengine walinishukuru. Mmoja alinidhania mwizi. Nyumba moja ya Mzenga niliikuta imeuzwa, na mwenyewe mpya hakutaka kunisikia. Nilimfuata mara tatu, mara ya tatu nikiwa na mjumbe wa nyumba kumi, akafunga mlango. Watoto wake walikuwa wanacheza uani. Sijaingia nyumba ile mpaka leo. Nawaogopea watoto wale, ingawa sasa ni watu wazima wenye watoto wao.

Kwa hiyo, mwanangu, piga hesabu, tena uipige yote. Pamoja na ada weka chumba, vifaa na miezi utakayokaa bila kipato. Uliza kama chuo kimesajiliwa na cheti chake kinatambulika. Waulize waliomaliza mwaka jana wanafanya nini sasa, usimuulize anayegawa fomu. Upande wa mapato usitazame ujira wa wiki ya kwanza tu, tazama na kazi utakazoruhusiwa kufanya ukiwa na familia. Kama nyumbani hakuna ada, jishikize kwa fundi mwenye cheti anayekueleza kila waya una kazi gani, uweke akiba taratibu. Siku hizi hata waliojifunzia kazini wanapimwa na kupewa cheti. Mtaani kuna elimu, siidharau. Ila kazi usiyoijua usiifunge ndani ya nyumba ya mtu, hata kama muhuri upo.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali na mikono inayojua inachokifanya, awape wazazi wako umri wa kuiona. Na mvua ya radi ikipiga, akujaalie usingizi, ambao mimi huukosa nikiikumbuka nyumba ile ya Mzenga.