Mahindi ya Asubuhi, Maharagwe ya Mchana

Mwalimu Chepkosgei hakuwa mtu wa kutishika ovyo, lakini mwaka ule wa 1957 alitishika. Shule yake, chumba kimoja cha mabanzi kwenye shamba la pareto, maua ya dawa ya wadudu, karibu na Keringet, haikuwa imepitisha hata mtoto mmoja katika hesabu za darasa la nne. Wakianguka tena, darasa lingefungwa.

"Rejista imejaa, watoto wanakuja," alisema Bwana Peterson, msimamizi wa shule. "Basi ni wavivu tu."

Maneno hayo yalimchoma. Rejista iliitwa asubuhi peke yake! Baada ya mapumziko, saa ya hesabu, madawati yalibaki matupu, na kiboko alichokitembeza hakikusaidia kitu. Ndipo akaweka mikebe miwili mlangoni. Asubuhi kila mtoto atie punje ya mahindi. Akirudi kutoka mapumziko, atie harage.

Bwana Peterson alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwalimu, hii ni masomo ama unapika githeri?"

"Napika, bwana. Ngoja iive."

Kila jioni alilinganisha mikebe. Maharagwe yalikuwa machache siku zote, isipokuwa siku za mvua. Mvua ikinyesha, yalifikia mahindi. Mvua gani hii inayojaza shule badala ya kuwazuia watoto? Akamwendea Mama Chepkemboi, mchumaji wa pareto, akamuuliza.

"Mwalimu, ua likilowa hatuchumi, litaoza," mama alisema. "Jua likikausha umande tunaenda shamba. Sasa mtoto mdogo nimwachie nani kama si dada yake?"

Chepkosgei aliona haya kwa ajili ya kile kiboko. Kesho yake akaleta hesabu saa ya kwanza, watoto wakiwa wote, na somo la kuimba akalipeleka mchana. Siku ya mtihani jua lilikuwa kali na umande umekauka, lakini akina mama, wakijua kuna mtihani, walichuma na watoto wachanga mgongoni. Hakuna aliyeitwa nyumbani.

Bwana Peterson alileta matokeo mwenyewe. Wengi walikuwa wamepita, na darasa lingebaki. Alitaka pia kujua ile mikebe inatumiwaje, awaeleze walimu wengine. Chepkosgei alijaa fahari, wala hakuificha. Mikebe ilikuwa mitupu, mahindi na maharagwe yake yakitokota sufuriani nyuma ya darasa tangu alfajiri. Akampakulia sahani ya kwanza.

"Imeiva, bwana," alimwambia.