Macho Wakati wa Sala

Jumamosi Shemasi Doyle Stidham alimvunja mkewe mbavu mbili kwa chuma cha kuchokolea moto. Jumapili akazungusha sahani ya sadaka kanisani, amevaa shati alilopigiwa pasi na mke huyohuyo.

Verlene alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Tangu utotoni amekuwa akikata kuku kiwandani, huko vilimani Alabama, Marekani, na kusoma hakujua. Nyumba ilikuwa ya marehemu mama yake. Alikwenda mahakamani kuomba kitu kimoja: Doyle atoke mle kabla hajamuua.

"Tuombe kwanza," akasema jaji. "Hii ni nchi ya Kikristo."

"Mheshimiwa, serikali yetu haina dini," wakili wa Verlene akasema.

"Serikali haina, mwanangu. Sisi tunayo. Shemasi, tuongoze. Nanyi mume na mke, shikaneni mikono, huenda Mungu akanipunguzia kazi."

Watu wakacheka, kisha wakainamisha vichwa na kufumba macho.

"Baba mwema," Doyle akaanza kwa sauti laini, huku akikikunja nyuma kidole kidogo cha mkewe, "tunakushukuru kwa ndoa zetu..."

Kidole kikalia ko! Mlio huo Verlene aliujua, aliusikia kiwandani kila siku. Lakini tangu akiwa mdogo alifundishwa kuwa kukatiza sala ni kumtukana Mungu. Akauma mdomo mpaka damu ikamchuruzika kidevuni.

"...na kwa upole wa wake zetu." Doyle akavunja cha pili.

"Amina!" wakaitikia wote.

Verlene akainua mkono. "Amenivunja vidole. Sasa hivi, akiomba!"

"Dada Verlene amechanganyikiwa," Doyle akasema. "Nani ameona?"

"Mimi," akasema Bi Idella, karani anayeandika kila neno linalosemwa mahakamani. "Naandika huku natazama midomo ya watu, na sala naiandika pia. Nimeona cha kwanza, nikaona na cha pili."

Jaji akaamuru Doyle ahame siku hiyohiyo. Doyle akapindua benchi, akamrukia mkewe na kumkaba koo. Askari wawili walimpiga virungu mpaka akaachia.

Jumapili iliyofuata akina mama wa kanisa walimletea Verlene mkate wa nyama ya kuku kwenye sahani.

"Pole, dada. Lakini yule Idella! Anakodoa macho watu wanasali? Hii si nchi ya Kikristo?"

Verlene akaipokea sahani kwa mkono mzima, akaibamiza miguuni pao, akafunga mlango.