Mzee Rabson Anatafuna

Saa moja asubuhi, Ilula. Ukungu bado umeikalia barabara kuu, na akina mama wanapanga nyanya kwenye ndoo wakisubiri mabasi. Kilomita mbili kutoka hapo, muuguzi Damari Kihwele ameinama juu ya mzee ambaye leo ni siku ya tisa hajala. Mzee anatafuna.

Mdomoni hamna kitu. Damari amepitisha kidole akakuta pakavu. Lakini taya linapanda na kushuka taratibu, kama la mtu anayekula mahindi ya kuchemsha bila haraka. Kisha anameza.

"Baba, unakula nini?" anauliza binti yake, Gloria.

"Ugali," anajibu Mzee Rabson, macho kayafumba. "Mama kapika."

Mama yake huyo alizikwa mwaka 1974. Mwandishi wa makala haya, ambaye hujiona jasiri, alisogea karibu na mlango.

Damari anatoa tiba shufaa: anawatunza wasioweza kupona ili wasiteseke. Ameifanya kazi hii miaka kumi na tisa, na sasa ana wagonjwa kumi na wanne majumbani, hadi Ruaha Mbuyuni. Kinachomnyima raha, anasema, ni mpira wa puani, ule unaopeleka uji moja kwa moja tumboni. Nani awekewe, nani aachwe?

Leo Gloria anaudai. Kwao, anayelishwa na marehemu hachelewi kumfuata.

"Sista, nakuomba. Mwekee mpira ashibe chakula chetu. Akishiba huku, cha kule atakikataa."

Damari hamcheki. Anavuta kigoda na kumshika mkono.

Si kwamba anauchukia mpira. Ezekia, fundi baiskeli mwenye uvimbe kooni, analishwa hivyo mwezi wa saba sasa, na bado anaziba pancha.

"Yule ana njaa, njia ndiyo imeziba. Nilimpigania mpaka daktari akakubali," anasema. "Baba yako kijiko anakisukuma, mwanangu. Mwili umeshazima jiko. Tukimimina uji humo, utaingia mapafuni."

Anajuaje? Hapo sauti inashuka. Mwaka 2016 mama yake mzazi naye alitafuna hewa hivihivi. Damari aliona aibu: muuguzi mzima, mama yake afe na njaa? Akang'ang'ania mpira. Mama akawa anauchomoa, wakamfunga mikono kwa kanga. Siku ya tatu alipaliwa na uji, akafa mikono ingali imefungwa.

"Kabla ya mpira aliniambia, 'Nimeshiba.' Sikumsikia. Nilikuwa nawasikiliza majirani."

Gloria anafuta machozi. "Sasa nikae tu namwangalia?"

"Kaa. Mlowanishe midomo kwa pamba. Halafu muulize kama chakula ni kitamu."

Gloria anasita. Anainama sikioni. "Baba, ni kitamu?"

Taya linasimama.

"Kitamu," anasema mzee. "Ila wewe usikae. Chako hakijaiva."

Gloria anacheka na kulia kwa pamoja. Damari anampigia daktari simu, wanakubaliana asiwekewe, kisha anauacha mpira mkobani bila kuufungua. Mzee Rabson alifariki kesho yake mchana, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa bintiye. Hakukoroma wala kupaliwa.

Damari anastaafu mwakani. Anataka kuzunguka vijijini akiwafundisha ndugu wa wagonjwa kuuliza kabla ya kulazimisha. Wanawe ameshawaachia agizo: "Siku nikianza kutafuna, mniache nimalize."

Na wewe mwenyewe, mwandishi anamuuliza, huogopi?

Anatazama mikono yake. Siku hizi, anasema, akijilaza mchana husikia harufu ya mboga ya maboga jinsi mama yake alivyokuwa akiipika. Huamka akaenda jikoni, akakuta jiko limepoa.

"Kufa siogopi," anasema. "Natumaini tu mama atanipakulia, kwa mikono ile niliyoifunga."