Samahani Anayoidai Dada wa Simu

Saa moja inakaribia kugonga asubuhi, na taa nne ndogo zilizopangwa mezani zinawaka karibu kwa pamoja. Mwanamke aliyeketi mbele yazo anavuta kiti, anavaa hedifoni juu ya kitambaa chake cha kichwa na kupokea simu ya kwanza.

"Habari za asubuhi. Naongea na nani, na ungependa kuchangia nini? Naomba upunguze redio yako kidogo, inaturudishia sauti."

Anasikiliza, anabonyeza kitufe cha kumweka mpigaji kwenye foleni, anahamia taa ya pili. Huyu anataka kujua kwa nini jana hakuunganishwa. Wa tatu ameshalewa, na jua ndiyo kwanza linachomoza. Wa nne anamwita "we mtoto" na kumwamuru akamwite mkubwa wake. Wote wanajibiwa kwa sauti ileile, bila kupanda wala kushuka.

Upande wa pili wa kioo yumo mtangazaji, ambaye mji mzima unamwita Zege kwa uzito wa sauti yake. Kipindi cha maoni ya wasikilizaji kinapoisha, Zege humshukuru fundi mitambo, humshukuru mdhamini, humshukuru hata dereva aliyemleta kazini. Anayepokea simu hatajwi. Pale kituoni wanamwita Dada wa Simu, basi.

Kwa asubuhi moja hupokea simu kama themanini, na zinazofika hewani hazizidi kumi na tano. Waliobaki wanakata simu wamenuna, na hasira zao zote zina anwani moja.

"Mtangazaji hawamtukani," anasema. "Wakifika kwake ni watu wazuri kabisa. Matusi wanayavua kwangu, kama mtu anavyovua viatu mlangoni."

Anacheka anaposema hivyo. Mwandishi wa makala haya hakucheka, na baada ya asubuhi tatu katika chumba kile kidogo chenye feni mbovu, bado hajaona cha kuchekesha.

Katika wapigaji wote, mmoja anajulikana kuliko baadhi ya watangazaji. Wasikilizaji wenyewe walimpa jina la Mwenyekiti. Ni mstaafu mwenye sauti laini, anayeanza kwa kuwasalimu wagonjwa walioko hospitalini na wanafunzi walioko njiani, kisha anamwaga hoja zake taratibu. Mwaka jana kituo kilimtunukia zawadi ya msikilizaji bora. Picha yake imetundikwa pale mapokezi, amekumbatia redio mpya iliyofungwa utepe.

Kinachosikika hewani ndicho hicho. Kuna Mwenyekiti mwingine, wa kwenye foleni, na huyo alikuwa akimsikia mtu mmoja tu.

"Mimi nilikuwa namwamkia kila siku, shikamoo mzee, maana ni sawa na baba yangu," anasema Dada wa Simu. "Sijawahi kusikia marahaba. Ananiambia, usinipotezee muda, fungua mlango. Nikimwomba asubiri zamu yake, hapo ndipo anapoanza."

Anapoanza, huanza kweli. Humwita mjinga, humwita takataka, humuuliza ni nani aliyemhonga kazi. Kisha taa yake inafika kwa Zege, Zege anamkaribisha, na papo hapo unasikia asali: "Asante sana mwanangu mtangazaji, na hongereni nyote mnaotuhudumia." Huko ndiko kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, mji mzima ukipiga makofi.

Dada wa Simu alilalamika kwa meneja wa vipindi. Meneja akataka ushahidi. Ushahidi hakuna, kwa sababu kinachorekodiwa ni kile kinachokwenda hewani tu. Mpigaji aliye kwenye foleni anakisikia kipindi kwenye simu yake, lakini yeye hasikiki popote isipokuwa kwenye hedifoni ya anayempokea. Wiki chache baadaye ni Mwenyekiti aliyelalamika, kwamba yule binti anambania. Yeye hakuombwa ushahidi wowote. Dada wa Simu akaitwa na kuambiwa kwamba lalamiko jingine kutoka kwa mzee yule litakuwa mwisho wake pale. Kazi hiyo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba anayokaa na mama yake, kwa hiyo alijikaza kisabuni, akarudi kwenye kiti.

Nyumbani nako hakukuwa na pa kupumulia. Mama yake husikiliza kipindi kile kila asubuhi akiwa jikoni, na hakuna sauti aliyoipenda kama ya Mwenyekiti. Binti akirudi jioni, mama alikuwa na swali: mbona leo mzee kachelewa kupewa nafasi, mtu wa heshima vile anawekwaje foleni na walevi? Binti hakuwahi kumweleza. Anasema aliona haya, kana kwamba aibu ilikuwa yake.

Mambo yaligeuka asubuhi moja ya mwezi uliopita, na yaligeuzwa na kosa ambalo linaweza kufanyika mahali pamoja tu, kwenye meza ya mitambo. Fundi alikuwa ametoka kwenda kuchukua chai. Zege akabaki peke yake, wimbo unaelekea ukingoni, na alitakiwa kupandisha kidude cha matangazo ya biashara. Jirani yake kabisa kuna kidude cha laini ya nne ya simu. Akakosea, akapandisha cha simu, kisha akavua hedifoni ili anywe maji.

Mji mzima ukiwa unasubiri tangazo la magodoro, ukamsikia Mwenyekiti: "Kazi yako ni kufungua mlango, siyo kuhoji wageni. Ndiyo maana hukupata mume. Hata mbwa wa nyumbani kwangu anapokea watu vizuri kuliko wewe, takataka mkubwa."

Ikasikika pia sauti ya mwanamke, imetulia kama kawaida, ikisema: "Naomba uvumilie kidogo mzee, uko wa pili."

Hapo fundi akarudi mbio, chai imemmwagikia shati, akashusha kidude. Magodoro yakafuata.

Sasa msomaji atadhani haki ilitendeka. Siku ile ile, kabla kipindi hakijaisha, Zege alisoma maneno aliyoandikiwa na meneja: kituo kinaomba radhi kwa hitilafu ya kimitambo, na kwa usumbufu wowote uliompata msikilizaji wetu mpendwa. Msikilizaji mpendwa alikuwa Mwenyekiti. Aliyefananishwa na mbwa alikuwa nyuma ya kioo, akipokea simu.

Halikuishia hapo. Meneja alitaka kumwomba radhi mzee mwenyewe kwa simu, na akamwagiza Dada wa Simu ampigie. Akampigia. Akamwamkia, hakujibiwa, akamwunganisha na meneja, akavua hedifoni.

"Nilisikia neno la kwanza tu, samahani sana mzee wetu," anasema. "Siku hiyo nililia. Matusi nilikuwa nimeyazoea. Kilichoniliza ni kuambiwa nimuunganishe ili aombwe radhi."

Mwandishi alimuuliza meneja jambo hili ana kwa ana. Alijibu kwamba msikilizaji ni mteja, kwamba mzee yule anavuta watu wengi, na kwamba wahudumu wamefundishwa kuvumilia. Alipoulizwa ni nani aliyefundishwa kutotukana, alitazama saa yake. Mwenyekiti naye alipatikana kwa simu. Alikuwa mpole kupita kiasi, akasema yale yalikuwa utani, na kwamba yule msichana ni kama binti yake wa kumzaa. Akaulizwa kama binti yake wa kumzaa naye humlinganisha na mbwa. Simu ikakatika.

Lakini ile asubuhi ya tangazo la magodoro kuna simu moja zaidi iliingia. Mpigaji alisema tu, "Niunganishe." Dada wa Simu akauliza, kama anavyouliza wote, anaongea na nani. Alikuwa mama yake. Katika miaka yote ya kipindi kile hakuwahi kupiga.

Kituo kina sheria kwamba ndugu wa wafanyakazi hawaingii hewani. Binti akamweleza mama yake sheria hiyo, huku taa nyingine tatu zikiwaka. Nyuma ya mama, redio ya jikoni ilikuwa ikisikika.

"Basi nitakwambia wewe," akasema. "Pole mwanangu. Kila jioni nilikuwa nakugombeza kwa ajili ya mtu yule. Nisamehe."

Hiyo ndiyo samahani pekee iliyotolewa siku ile kwa aliyestahili, na ilitolewa na mtu asiye na kosa.

Jioni yake, anasema, walikaa wawili jikoni wakapanga. Mama alisema kodi watajua la kufanya. Kesho yake Dada wa Simu aliingia ofisini kwa meneja kabla ya kuingia kwenye chumba chake, akamwambia kwa upole kwamba kuanzia siku hiyo, anayemtukana kwenye foleni haingii hewani mpaka aombe radhi, hata awe nani. Meneja akamjibu kwamba aifikirie vizuri kazi yake. Akasema ameshaifikiria.

Mwenyekiti alipotea kwa wiki kadhaa. Leo, mwandishi akiwa ameketi pembeni, taa ya nne inawaka na namba yake inatokea. Nyuma ya kioo Zege anaiona pia, anaacha kupangua karatasi zake. Meneja anasimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Shikamoo mzee," anasema Dada wa Simu. "Kabla sijakuunganisha, naidai samahani yangu."

Mzee hajapunguza redio yake, wimbo unaochezwa studio unarudi kwa mbali kupitia simu. Halafu taa inazimika.

Meneja anamtazama, anaondoka na kikombe chake, na hakuna anayejua kitakachoamuliwa ofisini humo kabla ya jioni. Dada wa Simu anamgeukia mwandishi.

"Akipiga kesho nitamdai tena, na keshokutwa," anasema. "Wakinitoa, atakayekalia hiki kiti ataikuta sheria yangu hapa. Nitamwachia yeye aidai."

Kisha anabonyeza taa ya pili, inayosubiri.

"Habari za asubuhi. Naomba upunguze redio yako kidogo."