Mtu wa Michirizi

Zamani, katika kijiji kimoja cha Uingereza, Idony alipoolewa na Rafe Toller, mtengeneza ngozi, mama yake, Hawise, hakulia. Alilia mwezi wa pili wa ndoa, alipoona jicho la bintiye limevimba. Hawise hakuwa mtu wa kumeza maneno. Alimfuata Rafe nje ya kanisa akamtukana, kijiji kizima kikisikia. Tangu siku hiyo akapigwa marufuku kwa mkwewe.

"Mwanao ni mke wangu sasa," Rafe alimwambia. "Kanyaga kizingiti changu uone!"

Basi Hawise hakukanyaga kizingiti. Mvua za Novemba zilipoanza, alikuwa akija asubuhi kusimama nyuma ya nyumba, chini ya paa la nyasi, pale maji yalipokuwa yakichuruzika mpaka ardhi ikachimbika. Kuta zilikuwa za fito na udongo. Alikuja kusikiliza kikohozi. Idony alikohoa vibaya mno, lakini maadamu alikohoa, alikuwa hai.

Jirani yao, Sisili, akamwona.

"We mama! Unadukiza nini hapo?"

"Najikinga mvua."

"Unajikinga penye michirizi? Na ulivyolowa chapachapa!"

Wiki ile ile Hawise akaitwa barazani kwa bwana wa ardhi. Sheria ilikuwa wazi: pale maji ya paa yanapodondokea ni pa mwenye nyumba, na anayesimama pale kutega sikio ni mtu wa michirizi, mkosaji. Hadi leo Waingereza humwita hivyo (eavesdropper) mdukizi yeyote, hata asiyewahi kulowa.

"Ulisikia siri gani?" msimamizi wa baraza akauliza.

"Kikohozi cha mwanangu, bwana."

Wanaume wakaangua kicheko. Rafe hakucheka. "Mnaona? Kakiri mwenyewe."

Hukumu ikatoka: akionekana tena upande ule, atafukuzwa kijijini.

Hawise akatii. Kabla ya Krismasi kengele ya msiba ikalia kanisani, naye akauliza kama mpita njia: nani kafa? Mazikoni, Rafe alisimama kati yake na kaburi.

Sisili akamfuata langoni. "Pole, mama."

"Aliniita? Mwishoni, alisema lolote?"

"Sijui. Nilisikia sauti, nikafunga dirisha. Baada ya yale yaliyokupata, nani angethubutu kusikiliza?"

Hawise akamshukuru, maana ndivyo alivyolelewa, akarudi nyumbani kwenye uji wake wa njegere. Aliishi miaka mingi. Watoto walimwita Michirizi, na hakuna aliyemtajia Idony tena.