Mkaguzi wa Chupa

Kiwandani walimwita Bi Giza, na jina likamkaa. Miaka kumi na tisa alikagua chupa za dawa katikati ya vichujio viwili vya mwanga. Cha kwanza hupitisha mwanga unaotikisika kwa mwelekeo mmoja tu. Cha pili, kilichowekwa kukingamana nacho, huuzuia huohuo. Ukichungulia, giza tupu. Chupa nzima haibadilishi kitu. Lakini iliyopoa vibaya ilipotoka tanurini, yenye mkazo ndani ya kioo, huugeuza ule mwanga, nao hupenya na kuonyesha rangi. Hiyo hutupwa, maana ikitiwa dawa ya moto hupasuka.

Sasa sikia balaa. Macho yake yaliingia ukungu, mtoto wa jicho, rangi hafifu zikampotea. Akawa anaona giza kwa kila chupa, na giza maana yake chupa nzuri! Zikapita tu. Msimamizi akafurahi kweli.

"Siku hizi hutupi kitu, Bi Giza. Mafundi wa tanuri wamejirekebisha!"

Akacheka naye. Lakini alijua, tusimsingizie ujinga. Nyumbani hata kutunga uzi kwenye sindano kulimshinda. Alinyamaza kwa sababu mkaguzi asiyeona hana kazi, na miezi minane tu ilibaki astaafu. Akajipa moyo kwamba hakuna aliyeumia bado. Jamani, binadamu!

Chumba cha pili, kwenye kujaza dawa ya moto, alikuwako mdogo wake, kitinda mimba aliyemlea kwa mikono yake mama yao alipofariki. Jumanne, saa nne asubuhi, chupa ilimpasukia usoni.

Hospitalini alimkuta amefungwa bendeji macho yote. La kushoto lilikuwa limeshatolewa. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono, machozi yakimtiririka bila sauti.

"Ni wewe, dada?"

"Ni mimi, mdogo wangu."

"Kuna watu wanasema eti ulizembea. Nimewatukana wote, mpaka nesi akaniambia ninyamaze." Akageuza uso kumwelekea. "Ile chupa haikupita kwako, sivyo?"

Bi Giza akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Haikupita kwangu."

"Nilijua tu." Mdogo wake akashusha pumzi, akaubana mkono wa dada yake. "Daktari anasema hata hili jingine halina uhakika. Nikitoka hapa nitahamia kwako. Nitategemea macho yako, dada."